Wimbo Wako Umeimbwa Kitale

Nekesa dada yangu,

Habari ya Bungoma? Huku Kitale ni mvua na baridi, lakini kwa shangazi mahindi ya kuchoma hayaishi.

Jana alinipeleka kanisani kumsikiliza mgeni, mzee wa Marekani anayetunga mashairi na kuyaimba. Pasta alitafsiri. Ujanani mzee huyo aliimba mpaka sauti ikapasuka, daktari akamwambia aache. Akabaki kuandika mashairi tu. Miaka ikapita, akajaribu kuyaimba kwa mkwaruzo uliobaki, na huo ndio uliompa jina.

Nikainua mkono. "Dada yangu hutunga nyimbo za kwaya. Tangu apasuliwe koo amekataa kuimba, ati anaionea aibu sauti yake."

"Nifundishe wimbo wake mmoja," mzee akasema.

Nilimfundisha ule wa mavuno. Aliukwaruza na gitaa lake, Kibukusu kimepinda vibaya, na kanisa lote likasimama kuitikia. Shangazi alilia, bana.

Mwishoni mzee akaniambia, "Ubeti wa pili umenishinda. Mwambie aniimbie yeye mwenyewe."

Mwisho wa mwezi anakuja kanisani kwetu huko Bungoma. Litunze koo, dada. Nakupenda sana.

Ndugu yako,
Wafula