Uzi Mara Mbili

Jumanne, 4 Machi

Yu hai. Nianze na hilo. Yu hai.

Naandika nyuma ya daftari langu la vipimo, ndilo lililokuwa mkobani. Mbele viti vya magari ya watu ninavyovivalisha ngozi, huku nyuma mwanangu.

Kitinda, kitindamimba wangu — ana miaka ishirini na sita na bado namwita hivyo — alikuwa anampelekea mteja gari la spoti, lile jekundu la milango miwili. Ndiyo kazi yake pale yadi, kuyapeleka magari kwa walioyanunua. Barabara ilikuwa na maji. Lori likajitokeza pembeni bila kuangalia, akalikwepa, gari likazunguka kama pia, likajibamiza kwenye nguzo ya umeme. Kwa ubavu. Ubavu wa dereva.

Nyonga imevunjika mahali pawili. Mbavu nne. Mkono wa kulia. Bandama wameitoa. Daktari anasema mtu anaweza kuishi bila bandama. Nikamwuliza, yako unayo? Najuta, maskini. Kijana mwenye adabu, hata shikamoo alinipa kabla ya kunieleza.

Jumatano, 5 Machi

Bosi wa yadi amekuja na maua. Maua! Mtu hata kukohoa hawezi.

Eti nimshukuru Mungu, halafu niwashukuru walioliunda lile gari. "Nyota tano za usalama hizo, mama! Eabegi nane! Lingekuwa gari lingine, leo tungekuwa makaburini."

Nikamwuliza eabegi ndiyo nini. Mifuko ya hewa, anasema, imefichwa humo humo garini. Gari likigonga inafutuka, inampokea mtu kama mto. Nikasema, basi mbona ubavu wa mwanangu haukupokelewa? Akaangalia saa yake. "Kila gari lina mwisho wake, mama. Na mwendo nao..."

Mwendo! Mwanangu hajameza hata maji, yeye ameshaanza kutafuta pa kuitua lawama.

Maua nimempa mzee wa kitanda cha pili. Amefurahi kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Amesema! Neno la kwanza: "Mama, umekula?"

Nimetoka nje kulia, nikarudi nimenawa uso. Muuguzi kaniona. Ananitania kila saa, eti nikiendelea kuzikunja shuka za wodi namna hii wataniajiri.

Jioni Kitinda akanieleza mwenyewe, pole pole, huku pumzi inakatika. Ile eabegi ya kwenye usukani ilitoka. Mkanda ukamkaza barabara. Ya ubavuni haikutoka. "Niliingoja, mama. Nguzo naiona inakuja, nikasema sasa hivi itatoka. Nikaingoja."

Haikutoka.

Nimewalaani wote waliolitengeneza lile gari, mmoja mmoja, na sijui hata sura zao. Nyota tano! Nyota za wapi hizo? Mtu anauza usalama kama anauza nyanya, za juu zinang'aa, ukifika chini ya kapu unakuta zimeoza. Gari linakimbia kuliko ndege, halafu kati ya mtu na nguzo kuna mlango mwembamba kama sinia. Yule aliyechora mlango ule angelala yeye kwenye kitanda hiki wiki moja tu.

Nimelala na hasira. Heri hasira, ina joto.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda yadi kuchukua vitu vyake vilivyobaki garini, koti na chaja na miwani ya jua. Gari lipo nyuma, chini ya turubai. Makenika akanifunulia. Upande wa kulia umebonyea kabisa, umeingia ndani hadi katikati ya kiti.

Na kiti ni changu.

Nilijua, ndiyo. Mimi ndiye niliyevivalisha viti vya gari lile, ngozi nyeusi, mwezi wa kwanza. Kitinda mwenyewe ndiye aliyenipatia kazi, akawaambia pale yadi, mama yangu anavalisha viti kuliko kiwanda. Lakini nilikuwa sijafikiri. Kwa nini ningefikiri? Kiti ni kiti.

Makenika akainama, akagusa pembeni mwa kiegemeo. Pamevimba kama jipu. Akaniita, tazama mama, hii eabegi ilitaka kutoka. Ililipuka kabisa, lakini ikafungiwa humo humo. Njia yake ni hapa kwenye mshono, na mshono umekataa. Akauvuta uzi kwa koleo. Haukukatika. Akacheka! "Aliyeshona hapa ana mkono wa chuma!"

Ni mshono wangu. Uzi mzito, mara mbili, nikarudia na mara ya tatu kwenye kona. Huo ndio mshono ninaosifiwa nao miaka kumi na tisa.

Nikasema asante baba. Nikachukua koti. Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu, sijui nimevuka barabara ngapi.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu kaja kunipikia. Nikamtolea kopo la lebo. Kila nguo na kila kiti ninachokivua nakata lebo, naitupa koponi, ndivyo nilivyofundishwa. Lebo ya mtu mwingine haikai kwenye kazi yako. Nikamtolea kilebo cha kijivu, kidogo kama ukucha, nikamwuliza kimeandikwa nini. Mimi niliishia darasa la nne, na hiki ni cha Kizungu.

"Eabegi," anasema. "Hivyo tu. Sasa mama, hiki cha nini?"

Nikasema, cha nguo.

Sasa nakumbuka vizuri. Nilipokivua kiti kile nikakuta mshono wa pembeni ni mlegevu, uzi mwembamba kama wa kushonea leso. Nikaona aibu kwa niaba yao! Nikasema, gari la fahari lote hili halafu mshono wa kivivu namna hii? Nikauimarisha. Nikafanya wema.

Kumbe haukuwa wa kivivu. Uliwekwa ufumuke.

Nani alinifundisha mshono wa kufumuka? Hakuna! Maisha yangu yote nimechapwa kwa rula ili usifumuke.

Jumatatu, 10 Machi

Sikushona. Nimekaa mbele ya cherehani nimeifunika.

Kitinda kanywa supu bakuli zima. Anauliza mbona sizungumzi. Nikasema jino.

Jumanne, 11 Machi

Bosi kapiga simu. Sauti ya asali. Kuna mkaguzi wa ajali atakuja, mama yangu. Akiuliza, viti ni vya kiwandani. Havikuguswa. Tumeelewana? Tukisema vingine, mimi sina yadi, wewe huna cherehani, na kijana hana kazi ya kurudia.

Kwa hiyo anajua! Amejua siku zote, na akaniletea maua, na akanisomea nyota.

Nilitaka kumtukana. Nikasema, ndiyo bosi. Mdomo huu huu.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua upande wa mbele wa daftari. Tangu nianze kukata lebo zile za kijivu nimevalisha magari sita mengine. La mfamasia. La mwalimu mkuu. La jamaa wa teksi. Mawili ya kampuni ya mazishi, hayo abiria wake hawana shida tena, Mungu nisamehe. Na la mama pacha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, ana watoto wawili nyuma na yeye mwenyewe mbele, mwembamba kama ufito.

Nikampigia. Nikasema, mwanangu, niletee gari nikurekebishie viti, kuna kasoro ndogo.

Akacheka. "Kasoro gani mama? Kazini wananionea gere kwa viti vile! Kuna mmoja kavikagua nusu saa, hakuona hata uzi uliochomoza."

Nikasema, ni pale pembeni tu, nataka kufumua kidogo.

"Ufumue! Mama usinitanie. Labda mwezi ujao, nikipata nafasi. Msalimie Kitinda, nasikia alipata ajali, lakini gari lilimwokoa?"

Nikasema lilimwokoa.

Kasoro ndogo. Ndivyo nilivyosema. Nikaweka simu nikajichukia hadi meno yakauma kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari anasema atatembea. Kwa gongo, na si kama zamani. Kukimbia asahau. Kitinda kasema, nilikuwa nakimbilia wapi? Wote wakacheka. Mimi nikaenda kusafisha bakuli lililokwisha kusafishwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi amekuja saa nane. Nilitegemea baba mwenye tumbo. Ni mwanamke, makamo ya binti yangu mkubwa, sauti ya chini, viatu vya ngozi vyenye kisigino. Shikamoo mama, pole na mgonjwa. Akavuta kiti, akamwuliza Kitinda mambo ya lori, mvua, mwendo. "Themanini," anasema Kitinda.

Halafu: viti. Viliwahi kuvalishwa upya?

Nikafungua mdomo. Kitinda akaniwahi.

"Hapana. Ni vya kiwandani. Vilikuja hivyo."

Hakunitazama. Alitazama dari.

Mkaguzi akaandika. Akaeleza kwa upole kama anafundisha watoto. Kama viti ni vya kiwandani, basi kosa ni la gari, faili linafungwa hivyo. Kama kuna fundi aliyeshona juu ya eabegi, itabidi atafutwe, na magari yote aliyoyashona yaitwe yafumuliwe, kwa sababu hatujui ni mangapi yanatembea hivi sasa. Akamwuliza tena. Una uhakika? Ana uhakika. Basi akasema anakwenda kuyachapa maelezo ofisi ya chini, atarudi saa kumi. Mkono wa mgonjwa umefungwa, kwa hiyo mama ndiye atakayeweka sahihi kwa niaba yake.

Mimi!

Alipotoka nikamwuliza Kitinda, ulijua?

"Makenika alinipigia Jumapili."

Siku tano! Siku tano unakunywa supu kwenye mkono wangu na unajua?

"Supu ilikuwa tamu," anasema. Halafu hakucheka. "Mama, weka sahihi. Wewe hukujua. Bosi alikuletea viti hakukwambia kitu, na mimi ndiye niliyekusifia kwake. Watakuchukulia cherehani. Utakula nini? Mimi huyu nitakulisha kwa gongo?"

Nikamwambia kuna magari sita.

"Hao watu si wako."

Nikamwambia mama pacha kaniuliza hali yako.

Akafumba macho. Akasema, haikuwa themanini, mama. Ilikuwa mia na arobaini. Nilitaka kulisikia linavyonguruma, mara moja tu, kabla sijalikabidhi. Kwa hiyo kosa ni langu, liache liwe langu. Hakuna eabegi ya kuzuia mia na arobaini.

Labda ni kweli. Makenika anasema ingetoka, pengine zingevunjika mbavu mbili badala ya nne. Pengine bandama ingepona. Pengine isingepona. Hakuna atakayeniambia, na nyota zao tano hazisemi. Lakini iwe mbavu moja! Mbavu moja ya mwanangu niliyoivunja mimi kwa uzi mzuri. Basi tumegawana, nikamwambia, mimi na wewe na lile lori na bosi wako. Kila mtu abebe fungu lake, langu usinibebee, huna nyonga ya kubebea.

"Mama nakuomba."

Hajaniomba kitu hivi tangu alipokuwa na miaka saba.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika tano. Naandika nimesimama, daftari juu ya kimeza cha dawa. Mzee wa kitanda cha pili anajifanya amelala. Nimefunua mbele, kwenye majina sita na namba zao za simu, nimekunja kona ya ukurasa.

Kuna viatu kwenye korido. Si vya wauguzi, vyao vya mpira. Hivi vinagonga. Nitampokea mlangoni na daftari hili, kabla hajafika kitandani na karatasi yake.

Kitinda amenikamata sketi. Kwa mkono wake mmoja mzima. Anavuta, anavuta tu, na ana nguvu! Nguvu zimemrudia kweli. Itabidi nivifungue vidole vyake, kimoja, kimo