Jina la Saa Mpya

Dada mpenzi,

Huku hatujambo, mwanangu kaota jino la pili. Kazini tunaitafutia jina saa mpya, ile ya kupima mapigo ya moyo. Tunaivaa sote, bosi anatusomea orodha, na jina linalotuliza mioyo yetu ndilo linaloshinda.

Jana akasoma "Tulizo." Moyo ukanipiga paa! Marehemu mama aliniita hivyo nikiugua, na tunaolijua ni mimi na wewe tu. Sijaliandika popote. Nililitaja mara moja, nikilia peke yangu chumbani, saa ikiwa mkononi.

Bosi akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akatabasamu.

Dada, ile saa niliyokuzawadia, ivue. Na barua hii, najua mazoea yako, usiisome kwa sauti.

Mdogo wako