Asiyeota Anakunja Foronya

Jumatatu, 3 Machi

Foronya tena. Mia mbili na kumi na nne. Nimezihesabu kwa hasira.

Sheria ya chumba chetu cha kukunjia niliikuta. Aliyeitunga simjui, ila nikikutana naye tutaongea. Asubuhi mashuka ya hoteli yakitoka kwenye mashine, bado ya moto, tunakunja wawili wawili, kila mtu pembe mbili, na kila mtu anasimulia alichoota. Asiye na ndoto anaondolewa kwenye mashuka, anakwenda kukunja foronya peke yake kule pembeni mpaka saa ya chai. Miaka minne sasa mimi ni wa foronya. Sioti! Nikigusa mto nimelala fofofo, nikifumbua macho kumekucha. Ndiyo maana wananiita Gogo.

Chiriku, mwenzangu wa mashuka baada ya chai (jina kapewa kwa ajili ya mdomo wake), anaota kila siku ya Mungu. Leo alikuwa anaogelea ndani ya birika. Mzee wa Pasi kasema hiyo ni safari. Kwake yeye kila ndoto ni safari au harusi. Ukiota umeng'oka jino, safari. Ukiota ng'ombe, harusi. Ukiota ng'ombe kang'oka jino, sijui.

Mchana Chiriku kasinzia juu ya rundo la taulo, mdomo wazi. Mara akasema kwa sauti, macho kayafumba: mvalishe sweta, ile ya kijani, atapata baridi. Tumecheka mpaka machozi. Sweta, na joto lote hili la mashine! Alipoamka hakukumbuka kitu.

Nyumbani sabuni imeisha. Mfua nguo hana sabuni. Haya.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimeota! Yaani — sijaota. Nimesema nimeota.

Ilikuwa hivi. Mzee wa Pasi kanisogezea kikapu cha foronya kabla sijafungua mdomo. Kabla! Ikaniuma. Nikamwambia ngoja kwanza mzee wangu, leo ninayo. Nikashika pembe zangu, Chiriku akashika zake, nikaanza kutunga huku nikiangaza macho kutafuta msaada. Kwenye rafu kulikuwa na beseni la bluu. Nikasema: nimeona mwanamke mlangoni, ana beseni la bluu. Anafanana na wewe dada, ila mwembamba. Beseni tupu. Ananiuliza, ile sweta ya kijani imekauka?

Sweta imetoka wapi sijui. Hapakuwa na sweta pale. Imeniponyoka tu, nikaipenda, nikaona hapo ndoto imekolea.

Chiriku kaachia pembe. Shuka safi, chini, kwenye maji! Hakuliokota. Kaniuliza mara tatu: kijani? Nikasema kijani. Akasema nini tena? Nikasema basi, nikaamka. Akakaa kwenye taulo akalia. Chiriku huyu huyu, anayecheka hata akikanyagwa!

Mzee wa Pasi kasema: safari hiyo.

Sijakunja foronya leo. Nimekunja mashuka hadi chai na sijafurahia hata moja.

Ijumaa, 9 Mei

Sasa najua nilichofanya. Heri ningekunja foronya hadi kustaafu.

Chiriku ana mdogo wake. Miaka minne nakunja naye, najua kisigino chake kipi kinauma mvua ikikaribia, na mdogo wake hajawahi kumtaja hata siku moja. Mama yao aliugua mwaka mzima. Chiriku kamuuguza peke yake. Mdogo alikuwa mbali, kafika siku ya mazishi, na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Mtoto kavaa sweta ya kijani — bibi yake aliifuma kabla mikono haijamkataa. Chiriku, kwa ile hasira na kutolala, akamvua mtoto sweta mbele ya watu wote. Akasema hii ni ya mama yangu, wewe hukuwa na mama. Mtoto analia kifua wazi. Mdogo wake akamfunika kwa mtandio, akaondoka. Hawajasemezana tena. Miaka sita.

Sweta iko sandukuni kwa Chiriku. Hakuna mtu anayejua, kaniambia. Sasa mama ndiye kamtuma mdogo wangu kwako, Gogo. Kakuchagua wewe kwa sababu wewe huoti, kwa hiyo huwezi kutia chumvi.

Kutia chumvi! Mimi niliyepika chungu kizima!

Jumamosi ijayo anapanda basi. Mtaa anaujua, shangazi yao alimwambia. Hataki kupiga simu, anasema simu mtu anaikata, mlango mpaka aufunge.

Na akiufunga? Akimfungia usoni, kwa sababu ya beseni langu?

Jumapili, 11 Mei

Nimemuuliza binti yangu, maana yuko kidato cha nne na biolojia anajitia kuijua. Watu wanaota kwa nini? Kasema mwalimu wao alisema hata wataalamu hawajakubaliana. Wengine wanasema ukilala kichwa kinapanga mambo ya mchana, hiki huku, kile kule. Nikasema kumbe kinakunja mashuka. Kacheka. Wengine wanasema kinajifunza kuogopa bila kuumia. Na eti kila mtu anaota, mama, hata wewe, ila unaruka kitandani kama umeitwa polisi, ndoto inamwagika. Kasema nikiamka nitulie kwanza, nisijigeuze.

Halafu kaniuliza kwa nini nauliza. Nikamwambia yote. Kaweka kalamu chini. Mama, umemdanganya mtu mzima ili usikunje foronya?

Ukimsikia anavyosema inakuwa mbaya zaidi.

Kesho namwambia Chiriku. Kesho kabla ya chai.

Jumanne, 13 Mei

Jana sikusema. Leo nilikuwa nimeazimia, nimefika mapema, maneno yako tayari kooni. Chiriku kaketi kwenye taulo, miguu juu, sindano mbili mkononi. Anafuma! Kaifumua sweta. Yote! Anasema mtoto ana miaka minane sasa, ile ya zamani haimpiti hata kichwa, atampelekea kitambaa cha kuchezea? Kwa hiyo uzi wa mama yake ni huo huo, na kwa kuwa hautoshi kaongeza mistari ya manjano. Kipimo kakitoa kwa kubahatisha, nimemwambia apime kwa mtoto yeyote. Kaniambia nimsimamishie binti yangu, halafu kakumbuka binti yangu ni mrefu kama mlingoti, kacheka. Anacheka tena sasa. Anaimba. Mzee wa Pasi kamwambia punguza sauti, pasi inashindwa kuwaza.

Sasa nisemeje? Sweta haipo tena sandukuni. Maji keshayavulia nguo, na nguo nimemvua mimi.

Asubuhi nilijaribu kutulia kitandani kama binti alivyosema. Nikalala tena. Nimechelewa kazini dakika kumi na tano.

Alhamisi, 15 Mei

Siamini. Siamini!

Nilikuwa naperuzi daftari hili nione kama nimeshawahi kusema uongo mwingine mkubwa kama huu, nijue nilijitoaje. Tarehe tatu Machi. Imo humu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mvalishe sweta, ile ya kijani, atapata baridi. Chiriku, usingizini, juu ya taulo! Nimecheka, nimeandika, nimesahau. Halafu miezi miwili baadaye mdomo wangu ukaitoa kana kwamba ni yangu.

Basi mimi sikuota, ila yeye aliota. Ile sweta imetoka kwake, ikaingia kwangu, ikakaa mahali nisipopajua, halafu nikamrudishia mwenyewe. Ni uongo au si uongo? Mwanamke mlangoni nimemtunga. Beseni nimelitunga. Sweta sikuitunga.

Nimejaribu kujiambia kwamba basi yameisha, hakuna haja ya kusema. Hapana. Haki yake ajue ni nani anayemwita. Akifika pale akidhani kaitwa, na mdogo wake hajawahi kumwita wala kumwota, ataanguka kutoka juu sana.

Kesho. Na daftari naenda nalo, nisije nikatoroka.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesema. Zamu yangu ya kusimulia ilipofika, mikono yote miwili ilikuwa imeshika shuka kwa hiyo sikuweza kuficha uso. Nikasema dada, sikuota. Nilichoka foronya. Akasimama. Nikaachia pembe zangu, nikatoa daftari, nikamsomea tarehe tatu Machi kama mtoto mbele ya darasa.

Kasema: kwa hiyo mama hakukutuma. Nikasema hakunituma. Kaweka pembe zake mezani taratibu, kaenda pembeni, kachukua kikapu cha foronya. Chiriku, na foronya! Kakunja zote. Sijawahi kusikia chumba kile bila sauti yake. Hata Mzee wa Pasi hakusema safari wala harusi, kapiga pasi shati moja kwa nusu saa. Nikajua nimeua kitu.

Baada ya chai akarudi. Macho mekundu. Akasema: ndoto za birika zote nazikumbuka, Gogo. Hiyo moja tu ndiyo nimeisahau. Hiyo moja!

Nikasema nisamehe, dada. Akasema sijakusamehe, shika shuka. Tukashika. Tunasogeleana, tunarudi nyuma, tunasogeleana. Kwenye shuka la tisa au la kumi akasema: kama mwenyewe nilikuwa namvalisha usingizini, basi sihitaji kuitwa. Kesho saa mbili kituo cha basi. Na wewe unakuja, ndoto nusu ni yako.

Bado mkono mmoja wa sweta haujaisha. Kasema ataumalizia kwenye basi.

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne na robo. NIMEOTA! Kwenye basi, kichwa kwenye dirisha! Nimeota nakunja foronya. Hiyo tu. Foronya moja, haiishi, naikunja inakuwa ndefu. Nikatulia, sikujigeuza, na imebaki! Nimemwambia Chiriku, kacheka mpaka sindano ikamchoma. Kasema Mzee wa Pasi atasema safari. Na kweli tumo safarini.

Saa sita. Nimekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, upande wa pili wa barabara. Chiriku kanikataza kuvuka. Naandika ili nisisimame.

Nyumba ina mlango wa kijivu. Kapita mbele yake mara mbili. Sweta kaikumbatia kifuani ndani ya mfuko. Mkono wa kushoto ni mrefu kidogo kuliko wa kulia, ameuona tukiwa tumeshashuka, karibu arudi nyumbani kwa sababu ya huo mkono. Nikamwambia dada, mtoto atakua.

Amebisha hodi.

Mlango umefunguliwa. Ni yeye. Hana beseni, ana ndoo. Na si mwembamba hata kidogo! Wanafanana lakini, Mungu wangu, kusimama tu wanafanana. Siwasikii, magari yanapita. Mdogo wake kashika mlango. Haufungi. Haufungui zaidi.

Kaweka ndoo chini.

Chiriku katoa sweta. Kaishika mbele yake kwa pembe mbili, kama shuka.

Mdogo wake kaiangalia. Kaziba mdomo kwa mkono. Anatikisa kichwa, sijui ni hapana, sijui ni nini. Anasema kitu sasa, kirefu, huku akimnyooshea kidole. Chiriku anakubali tu, anakubali, anakubali. Anastahili, na anapokea yote. Simama hapo hapo dada yangu. Usiondoke.

Kuna mtoto nyuma ya sketi. Msichana. Kachungulia. Anauliza kitu. Anaangalia ile sweta, ile mistari ya manjano.

Kanyoosha mikono juu! Mwenyewe! Hakuna aliyemwambia!

Chiriku kapiga magoti. Anamvalisha. Shingo ni finyu — alibahatisha kipimo, nilimwambia apime! Kichwa kimekwama. Naona tumbo na mikono inapepea. Chiriku anavuta upande mmoja, haiendi. Anamwangalia mdogo wake.

Mdogo wake kainama. Kashika upande wa pili.

Wanavuta wote wawili. Kichwa bado hakijatokea.