Boriti Imeshuka, Nami Nakwepa Maswali

Mama Mongina, mimi husoma ukurasa wako kila Ijumaa na leo ni zamu yangu kukulilia. Mimi ni fundi wa ujenzi hapa Kedowa, na mwaka jana nilijengea kanisa letu roshani ya kwaya, na boriti yake ya saruji ilifaa kukaa na nguzo chini yake wiki tatu nzima ishike vizuri, lakini nilizitoa siku ya tisa kwa sababu nilizitaka kwa kazi ingine Kipkelion, na sasa kwaya ikisimama huko juu boriti inashuka, na wakitoka hairudi. Chepkurui, mwalimu wa kwaya, aliniuliza, "Fundi, mbona hii imepinda?" nikamuuliza kama ng'ombe wake alizaa salama. Akauliza tena mbele ya kamati, nikasema labda Johana alitia maji mengi kwa saruji, na Johana, baba ya watoto wanne ambaye tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, akafutwa kazi siku hiyo hiyo, akakunja tu ovaroli yake akaenda. Jumapili hii kwaya sita zinakuja. Nifanye nini?

Kepher, Kedowa

Kepher, nimekuhurumia, lakini si sana. Nilimuuliza mhandisi mmoja. Alisema kila boriti hupinda kidogo ikibeba mzigo, na hiyo si aibu, hupimwa mapema. Hatari ni ile isiyorudi. Akaniambia kwa Kiingereza kupinda kwa boriti na kukwepa swali huitwa neno moja, deflection. Sisi tumeyatenganisha, na afadhali, kwa sababu boriti haina hiari. Wewe unayo. Swali la kwanza ulilikwepa kwa woga, na hapo sote tumewahi kuwa. La pili ulimsukumia Johana.

Sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia Jumatano, nikakuuliza kama roshani imefungwa. Ukaniuliza kama mvua imefika Kericho. Basi nikampigia mchungaji wako. Roshani imefungwa, nguzo zinarudishwa, na mhandisi anakuja kupima. Kuhusu Johana sikusema lolote. Hiyo kazi ni yako.

Kesho Jumamosi saa nne kamati inakaa. Pitia kwa Johana kwanza, umwombe msamaha mbele ya mke wake, kisha mwende pamoja. Chepkurui atakuwepo, na atakuuliza tena. Mjibu kile alichouliza.