Mlango Uliovunjwa Ni Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Makambako, tarehe 13 Novemba 2024

Jina: Tabea Mwalongo
Umri: Miaka 36
Kabila: Mbena
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi wa vibao na mapambo
Makazi: Makambako, zamani mtaa wa Ramadhani, Njombe

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mke wa Mika Mgaya, dereva wa lori, ambaye kwa sasa yuko safarini. Mashine inayozungumzwa katika shauri hili ni yangu. Nilikuja nayo kutoka Ramadhani nilipoolewa. Nyumba ni ya kupanga na mkataba una jina langu, kwa hiyo mlango uliovunjwa pia uko mikononi mwangu. Naanza na hilo kwa sababu tangu jana watu wanauzungumzia mlango huo kana kwamba mimi sina kauli.

Mashine yenyewe ni ya leza. Hukata mbao nyembamba na plastiki ngumu kwa mwanga mkali unaotoka kwenye tyubu ya kioo. Tyubu hupata moto inapofanya kazi, ndiyo maana kuna pampu ndogo ndani ya ndoo inayozungusha maji ya kuipooza. Nilipokuwa Njombe sikuwahi kuwaza habari ya joto. Mwezi wa sita kule nilihofia maji yasigande ndani ya tyubu. Makambako ni tofauti, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika. Mchana bati linawaka na maji ya ndoo yanakuwa kama ya kumwogeshea mtoto. Tyubu ikizidiwa, mwanga hulegea, na badala ya kukata unaunguza. Kwa hiyo mimi hufanya kazi alfajiri na jioni, ndoo naifunika kwa gunia bichi, na kazi ikibana natumbukiza ndani yake chupa za maji yaliyogandishwa.

Chupa hizo hunigandishia jirani yangu, Masumbuko Haule, mtu wa Manda, anayeuza samaki wa ziwani na ana friza. Huniletea mwenyewe akiwa anapita kwenda sokoni. Mke wake, Oliva, anajua. Mume wangu anajua. Nalisema hili kwa sababu yapo maneno niliyoambiwa jana nyumbani, na sikuyapenda.

Mnamo tarehe 12 Novemba 2024 asubuhi nilikwenda Njombe kununua plastiki. Ufunguo wa akiba wa nyumba yangu hukaa kwa shemeji yangu, Sadock Mgaya, kaka mkubwa wa mume wangu. Mnamo saa sita na nusu mchana alinipigia simu. Alisema kamati ya harusi aliyomo inahitaji vibao vya viti vya wageni siku hiyohiyo, na kwamba ameniona nikiiwasha mashine mara nyingi, haoni kitu cha kumshinda. Nilimwambia hivi:

"Shemeji, usiwashe. Kwa jua hili maji yameshapata moto. Nikirudi jioni nitakukatia mwenyewe."

Alijibu kwamba mashine si mtoto mchanga, akakata simu. Sikupiga tena. Nilidhani amenielewa.

Nilirudi Makambako kama saa tisa. Nilikuta watu wamejaa mbele ya nyumba. Masumbuko alikuwa ameketishwa chini, mikono imefungwa kwa mkanda wake mwenyewe, mdomo unatoka damu, akiugulia mbavu. Shemeji Sadock alikuwa amesimama juu yake, akanieleza kuwa amemkamata mwizi aliyevunja mlango na kuharibu mashine yangu. Masumbuko aliinua uso akasema, "Mama Rejoice, moshi ulikuwa unatoka dirishani. Nimegonga, nimeita. Hakuna aliyeitika."

Muda si mrefu polisi walifika, wakamchukua kwa malalamiko ya shemeji. Watu walipiga makofi. Mimi niliingia ndani.

Wakati mlango unavunjwa sikuwepo, na sitasema nisichokiona. Nasema nilichokikuta. Swichi kuu ya umeme ilikuwa imezimwa. Juu ya mashine palikuwa na mchanga mwingi, ule wa fundi anayejenga uzio nyumba ya pili. Chini ya mchanga palikuwa na kipande cha plastiki kilichoungua, kikibaki na maandishi "MGENI RAS". Flashi ya kamati ya harusi ilikuwa bado imechomekwa. Tyubu imepasuka. Plagi ya pampu ilikuwa sakafuni, na mahali pake kwenye ekstensheni palikuwa na plagi ya feni. Feni hiyo ilikuwa imegeuzwa kuelekea kiti changu cha kazini. Yaani maji yalizimwa ili mtu apate upepo.

Karibu na mlango palikuwa na mfuko wa Masumbuko. Ndani yake chupa nne, barafu haijaisha kuyeyuka. Sijawahi kusikia mwizi anayemletea mwenye nyumba barafu.

Nilitoka nikamuuliza shemeji habari ya feni. Alisema joto lilikuwa kali. Nikamuuliza alikuwa wapi plastiki inawaka. Akasema alifunga mlango akaenda kula mara moja, na mashine aliiacha ikiendelea. Kisha akashusha sauti: "Shemeji, haya tutayamaliza nyumbani." Nilimwambia Masumbuko hayuko nyumbani, yuko mahabusu.

Jioni niliitwa kwa mama mkwe. Alizungumza Kibena ili majirani wasisikie. Alisema Sadock ni mzee wa kanisa, aibu hii itaanguka kwetu sote, na kwamba niseme tu sijui chochote kwa kuwa nilikuwa Njombe. Nilipokataa, shemeji akasema nikimtetea muuza samaki, watu watauliza anafuata nini mlangoni kwangu. Nilimjibu waje waniulize, nitawaonyesha ndoo. Mama mkwe alilia. Ninampenda, amenilelea mtoto, na ilinibidi nitazame ukutani nisibadili mawazo.

Mume wangu nilimpigia simu usiku huohuo. Aliniomba nisubiri arudi Ijumaa wakae na kaka yake. Nikamwambia yupo mtu mbavu zinamuuma na amelala kwenye sakafu kwa sababu aliokoa nyumba yetu. Ijumaa ni mbali. Hakunikataza. Hakuniruhusu pia. Nimekuja.

Kuhusu mlango, sina malalamiko. Ungekuwa wa chuma ningemwomba Masumbuko radhi kwa kumchosha. Kuhusu mashine, aliyeiua si aliyemwaga mchanga. Kama yupo anayestahili kuulizwa, ni aliyekuwa na ufunguo.

Nimeeleza niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoambiwa mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Waliotaka kunituma nimewakatalia.

Sahihi ya shahidi: T. Mwalongo

MAELEZO YA ASKARI

Nimemsomea shahidi maelezo haya na amekubali kuwa ni sahihi, isipokuwa mahali pamoja nilipoandika "mvunjaji". Nimemweleza kuwa neno hilo limetoka kwa mlalamikaji. Amesema pakibaki hivyo haweki sahihi, paandikwe "jirani". Nimerekebisha, ameweka sahihi.

Mlalamikaji Sadock Mgaya ameitwa na kuoneshwa flashi. Amekiri kuwa ndiye aliyewasha mashine na kuchomoa pampu. Masumbuko Haule ameachiwa huru na kupewa fomu ya PF3 akatibiwe. Mlalamikaji amebaki kituoni kuandika maelezo mapya, pamoja na kuwataja waliompiga Haule.

Nilimwambia shahidi anaweza kwenda nyumbani. Hakwenda. Alikaa kwenye benchi la nje pamoja na mke wa Haule hadi Haule alipotoka.

WP Koplo Erica Nyagawa