Kidole Juu ya Usukani

Jumatatu, 4 Machi

Imogen! Imogen! Profesa leo hana jina lingine mdomoni. Utafiti wa madereva wa Wirrabee, kijijini kwetu, nimeulea mimi. Wakulima nimewabembeleza mimi, hadi wakakubali kufungiwa kamera kwenye pikapu zao. Kumbe atakayeusoma mbele ya watu ni yeye, kaja juzi tu kutoka Sydney na viatu vyake vyeupe! Eti ana mvuto. Mvuto! Roho inaniuma, na humu simfichi mtu.

Jumatano, 6 Machi

Kaniita kwenye kompyuta yake, uso unang'aa. Kagundua jambo! Madereva wa shamba, wazee hasa, kila wakipishana na gari wanaachia usukani. Anasema ni hofu. Anataka wapimwe upya, atakayeshindwa anyang'anywe leseni.

Nikatazama. Gari linakuja, kidole kinainuka. Gari lingine — kidole tena.

Hofu gani! Wanasalimiana, mjinga wewe! Kwetu ukipishana na mtu bila kumwinulia kidole, jioni atauliza umemnunia kwa nini.

"Unaonaje, dada?"

Nikasema kazi nzuri.

Ijumaa, 8 Machi

Keki ya kumpongeza. Sikuigusa. Uongo — nimekula vipande viwili, kwa hasira. Alinishukuru mbele ya wote, akanishika bega. Ningeweza kumwambia pale pale. Nikanyamaza. Acha aumbuke, Profesa ajue nani alistahili.

Jumanne, 12 Machi. Nyumbani kwa Baba.

Ukumbi wa Wirrabee ulijaa. Imogen akawasha video. Usukani, mkono mpana, kidole kinainuka — mkono wa Baba! Ningeujua popote.

"Mzee huyu anaogopa," akasema Imogen.

Kicheko! Watu wakapiga meza. "Binti, anasalimia huyo!" "Kwani kwenu mnasalimiana kwa miguu?" Imogen akawa mwekundu. Nami, Mungu nisamehe, nilifurahi.

Kisha akanigeukia, machozi yanamlenga. "Maree ni wa huku huku. Nilimwonyesha video hizi. Akasema kazi nzuri."

Keith, jirani yetu, akasimama. "Kumbe huyu Maree, mtoto wa Clem, alijua? Akaacha tunyang'anywe leseni, na baba yake yumo? Kesho njoo ung'oe kamera yako!" Wengine wakadakia: na kwangu. Na kwangu. Utafiti wote huo, basi. Profesa hakuniangalia hata mara moja.

Baba akanirudisha kwa pikapu yake. Njiani tukapishana na Keith, anarudia kofia aliyoisahau ukumbini. Baba akainua kidole. Keith akaushika usukani kwa mikono miwili, akapita.

Baba akasema, "Hajawahi kuninyima kidole." Basi, hilo tu.

Sasa yuko uani na bisibisi, anaifungua kamera mwenyewe. Nimesimama mlangoni mara mbili. Ananiona. Nikimpungia mkono, sijui kama atainua kidole.