Ipyana kamfokea baba yake Evarista

Joyness, Ipyana yuko hapa kwangu Uyole, kajilaza kwenye kochi, hata chai hajagusa.

Alikuwa anacheza lile gemu la vita vya anga, kapangwa timu moja na mtu asiyemjua. Kamwelekeza mara tatu: chimba madini kwanza, ndipo ujenge meli, na usiache kambi bila ulinzi. Yule mtu akapeleka meli zote vitani. Kambi ikateketezwa.

Ipyana akamfokea kwenye maiki, "Una kichwa kigumu kama gogo."

Halafu sauti ikajibu taratibu, "Ni mimi, baba yake Evarista, huku Kilolo. Nilitaka tuzoeane."

Baba yake Evarista! Na Jumamosi tunampelekea posa ya Ipyana kwa binti yake.

Sasa hivi mzee kamwandikia: "Turudie, mwanangu. Nianzishie kwenye madini."